Sabuni ya chupa, ya kupima au ya kipande: utengeneze ipi?

Watengenezaji wa sabuni wa nyumbani hapa Mombasa hawana mabango, lakini ni wengi. Mmoja yuko Bombolulu, anakoroga ndoo barazani. Mwengine yuko Likoni, ana kibanda cha makuti nyuma ya nyumba. Mwengine anachanganya usiku watoto wakishalala, na asubuhi anavuka na feri kupeleka oda mjini. Wote hufika siku moja kwenye swali moja: wateja wameanza kuja, sasa bidhaa yangu iwe na sura gani? Niitie kwenye chupa mpya zenye lebo? Niiuze kwa kupima, kila mtu aje na chombo chake? Ama niachane na sabuni ya maji nikate vipande?

Mara nyingi bei peke yake ndiyo hujibu. Bei nitaifikia, lakini nataka kwanza tuulizane nani anaweza kuumia, na kinachobaki kitaishia wapi. Nimetengeneza zote tatu, na kila moja imeniadhibu kwa njia yake.

Tunalinganisha nini, na kwa vipimo gani

Ya chupa ni ile sabuni ya maji ya ungarol na ufacid, kemikali mbili za kutoa povu na kuondoa uchafu, ndani ya chupa mpya ya nusu lita, na jina lako juu yake. Ya kupima ni sabuni hiyo hiyo, ila inakaa dukani ndani ya mtungi wa lita 20 na mteja anajaziwa. Ya kipande ni mafuta ya nazi, au ya mawese, yaliyochanganywa na kostiki soda, yakamiminwa kwenye kasha na kukatwa.

Vipimo ni vitano: usalama wako wewe unayekoroga, usalama wa nyumba sabuni inakokwenda, kitakachobaki ikiisha, maji machafu yanakoelekea, na mwisho karatasi za serikali pamoja na mfuko wako. Viwili vya mwanzo nitakaa navyo zaidi. Ndivyo vinavyosahaulika, kwa sababu haviandikwi kwenye daftari la mauzo.

Mkono unaokoroga

Hapa ya kipande ndiyo yenye hatari kubwa, hata kama sokoni ndiyo inayosifiwa kuwa ya asili. Kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji gramu 183 hivi za kostiki soda ili yote yageuke sabuni. Wengi hupunguza kama asilimia 5, ili yabaki mafuta kidogo na ngozi isichubuke. Kostiki hiyo kabla haijageuka inakula nyama ya mkono, na ikiingia jichoni inaweza kumaliza jicho. Unaimwaga kostiki ndani ya maji, polepole. Usimwage maji juu ya kostiki, kwa maana yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Glavu, miwani ya kukinga macho, mikono mirefu, na mahali penye upepo. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa robo saa au zaidi. Habari ya kumwagia siki achana nayo, siki haina kazi kwenye ngozi iliyoungua.

Na sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na alumini na kostiki hazikai pamoja. Mara yangu ya kwanza nilichukua sufuria kubwa ya harusi, ile ya pilau, nikaona povu limeanza kabla sijatia hata tone la mafuta. Nikafurahi nikidhani mambo yanakwenda vizuri. Kumbe kostiki ilikuwa inaila sufuria na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka, na jiko la mkaa lilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Sufuria ilitoka nyeusi. Mwenyewe aliniuliza nimepika nini, nikajibu "majaribio," naye hakuniazima kitu tena mpaka leo. Tumia chuma kisichoshika kutu, au ndoo nzito ya plastiki yenye namba 2 au 5 chini yake, ile inayoonyesha aina ya plastiki.

Sabuni ya maji ina hatari ndogo zaidi, lakini isikudanganye. Ufacid ni asidi kali. Ile ndoo ndogo ya rangi ya kahawia inayouzwa wazi wazi karibu na Marikiti inaunguza, na watu huipima kwa kikombe cha chai. Soda ash, ule unga wa magadi wa kuzimua asidi hiyo, nayo inawasha pua na macho. Hapa chupa na kupima ni sawasawa, maana mchanganyiko ni mmoja. Tofauti ni kwamba wa kupima anaendelea kuishika sabuni siku nzima dukani, wakati wa chupa anamaliza kazi siku ya kujaza.

Kwa vyovyote, nunua karatasi za kupima pH, yaani ukali wa asidi au wa magadi, kabla hujanunua manukato. Sabuni ya maji unataka ikaribie 7. Ya kipande hukaa 9 mpaka 10, hiyo ndiyo tabia yake. Ikipanda juu ya hapo bado ina kostiki ndani, isitoke mlangoni. Ya kipande ambayo haikupikwa motoni inataka wiki nne hadi sita za kukaa ikikauka, na huku kwetu kwenye unyevunyevu wa masika ni heri uhesabu sita.

Nyumba inakokwenda

Hapa mambo yanageuka. Ya kipande ikishakauka vizuri, ndiyo salama kuliko zote. Mtoto akiing'ata atatema na kulia, na yatakwisha. Hairuki jichoni, haimwagiki, na haifanani na juisi.

Ya maji inafanana na juisi. Tunaitia rangi ya kijani, ya machungwa, ya waridi, tunaipa harufu ya ndimu au ya stroberi, halafu tunashangaa mtoto ameidhania sharubati. Na kwenye biashara ya kupima, chombo anachokuja nacho mteja mara nyingi ni chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Jirani yangu mmoja, mjukuu wake wa miaka mitatu aliinywa sabuni kutoka kwenye chupa ya soda iliyokuwa chini ya karo. Alikohoa povu, akapelekwa hospitali, akapona. Bibi yake alifanya alilojua, akataka kumtapisha, na hilo ndilo lisilofaa: akitapika, povu linaweza kuingia mapafuni. Sabuni ile sikuiuza mimi. Lakini ningeweza kuwa nimeiuza mimi, kwa sababu wakati huo nilikuwa nikijaza chochote kilicholetwa.

Siku hizi anayeuza kwa kupima kwa uangalifu ana sheria yake ndogo: chupa ya kinywaji haijazwi. Anaweka chupa zake tupu za bei nafuu, nene, zenye mfuniko wa kubonyeza, mteja anainunua mara moja kisha anarudi nayo. Anambandikia lebo isiyotoka kwa maji. Wapo wateja watakaonuna na kwenda kwa mwengine. Hiyo ni gharama halisi ya njia hii, na uihesabu.

Kuna jengine kuhusu mtungi ambalo wengi hawalijui. Sabuni ya maji si kitu kinachojilinda chenyewe. Kilo moja ya ungarol, ikipata ufacid, chumvi na soda ash, watu huitoa mpaka lita 20, kwa hiyo sehemu kubwa ya unachouza ni maji, na maji hayo kwetu mara nyingi yametoka kisimani. Bila kihifadhi, bakteria wanaishi humo raha mustarehe. Vyombo vya sabuni vinavyoongezewa juu kwa juu, bila kuoshwa, vimekutwa na vijidudu mara nyingi katika nchi mbalimbali, na ndiyo maana hospitali huambiwa zisiongeze sabuni kwenye chombo ambacho hakijaisha. Mtungi wangu mmoja ulianza kunuka kama dagaa siku ya kumi na mbili. Ulikuwa umeongezewa mara nne. Tangu hapo mtungi ukiisha unaoshwa, unaanikwa mdomo chini, ndipo unajazwa, na maji ya kuchanganyia yanachemshwa kwanza.

Chupa mpya iliyofungwa inashinda hapo. Imejazwa mara moja, ina tarehe, ina namba ya mkupuo, na mteja akilalamika unajua ni ndoo ya siku gani. Ina nafasi ya kuandika "weka mbali na watoto" na la kufanya ikimezwa. Udhaifu wake ni baada ya kuisha, mnunuzi anapoitilia mafuta ya taa au jiki, na jina lako bado liko juu. Kuhusu jiki: ukiwa unauza na hiyo, mtungi wake uwe wa rangi nyengine na uwe upande mwengine wa duka. Jiki ikikutana na asidi, kama ile ya kusafishia choo, inatoa klorini, na chumba kidogo kisicho na dirisha hakina pa kuipeleka.

Kinachobaki

Kwa taka, ya kipande ni nyepesi mno kuizungumzia: karatasi ya kaki, uzi, basi. Hasara yake ni kwamba hewa ya pwani huifanya itoe jasho, karatasi ikashikana na sabuni. Wengine wanakimbilia kuifunga kwa nailoni, na faida yote inakwenda na maji.

Ya kupima ina sifa nzuri, ila isifiwe kwa hesabu. Mtungi mmoja wa lita 20 ni chupa 40 za nusu lita ambazo hazikutengenezwa. Lakini mtungi wenyewe ni plastiki nzito. Faida haipo safari ya kwanza, ipo safari ya kumi. Mtungi unaonunuliwa mpya kila wiki na kuuzwa kwa skrepa haujaokoa kitu. Na mtungi wa mitumba usinunue kama hujui ulibeba nini. Tumeishi na yaliyotokea kijiji cha Owino Uhuru hapa hapa Mombasa: kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu, kazi iliyoitwa ya kutumia tena, na madini ya risasi yakaingia katika damu za watoto wa kijiji. Mwanaharakati Phyllis Omido alipata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015 kwa kulipigania jambo hilo, na mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mtungi wa mitumba si betri, najua. Ila neno "kutumia tena" halikusafishii kilichokuwa ndani.

Chupa ndiyo yenye deni kubwa la taka, na si zote ni sawa. Angalia namba chini. Namba 2 inastahimili magadi na jiki na haivunjiki ikianguka. Namba 1, ile angavu, inapendeza rafuni lakini haipatani na vitu vikali vya magadi. Waokota taka huzichukua zote mbili kwa kilo, mradi ziwe safi. Namba 1 iliyotiwa rangi huwa ngumu kupata mnunuzi, kwa hiyo ukiitaka chukua isiyo na rangi. Pampu ya kubonyeza ina springi ya chuma ndani ya plastiki, hakuna anayeitaka. Mfuniko wa kawaida unatosha. Kisichookotwa kinakwenda jaa la Mwakirunge, ama hakifiki huko, kinashuka mtaroni mpaka kwenye mikoko ya Tudor. Aliyekuwa akipita Kibarani kabla jaa lile halijafungwa, huku kilima cha taka kinamwagikia maji ya Makupa, hahitaji kuelezwa.

Maji yanakoelekea

Kisiwa na sehemu kubwa ya pwani yetu vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, wenye matundu. Unachomwaga uani hakikai uani. Nyumba nyingi zina choo cha shimo na kisima ndani ya kiwanja kimoja, na bahari haiko mbali.

Sabuni ya kipande ikishamwagwa huoza upesi, yaani vijidudu huimaliza. Ungarol nayo huoza vizuri kukiwa na hewa. Ufacid ya siku hizi pia, tofauti na ile aina ya zamani iliyofunika mito ya Ulaya na Marekani kwa povu miaka ya 1950 na 1960 mpaka viwanda vikalazimika kuibadilisha. Lakini kuoza kunataka muda, na kabla ya hapo miligramu chache tu ndani ya lita zinaweza kumdhuru samaki. Kwa hiyo umwagaji mkubwa si wa mteja anayeosha vyombo. Ni wako wewe unaposuuza ndoo ya kukorogea, ambayo sabuni yake ni nzito mara mia. Suuza kwa maji kidogo, yahifadhi, yatumie kukorogea mkupuo unaofuata. Ni usafi na ni akiba.

Hapa lipo jambo la kisima ambalo linaipa kila njia haki yake. Maji yetu ya kisima yana chumvi, na yana chokaa ya mwamba. Sabuni ya mawese ndani yake haitoi povu, inatoa utando. Ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, ndiyo maana mabaharia walikuwa wakiipenda, ingawa chokaa huiachia utando mweupe kwenye beseni. Ya ungarol haijali sana. Mteja wako akiwa Kisauni anaoga maji ya kisima, ukimpa ya mawese atatumia mara mbili na maji mara tatu.

Serikali na mfuko

Shirika la viwango, KEBS, linataka bidhaa iwe na alama ya ubora, na alama inakaa kwenye lebo. Chupa na kipande kilichofungwa vina pa kuiweka. Kwenye kupima, alama inabaki kwenye mtungi na sabuni inaondoka peke yake, na kipimo unachotumia, kikombe au mizani, kinatakiwa kiwe kimekaguliwa na watu wa vipimo na mizani.

Upande wa plastiki, baada ya kupigwa marufuku mifuko tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, na kanuni za mwaka 2024 zinamtaka anayeingiza kifungashio sokoni abebe mzigo wake mpaka kinapokuwa taka. Mzigo huu ni wa chupa hasa. Kwa chupa za PET, zile za namba 1, kuna PETCO, iliyoanzishwa 2018, ambako wazalishaji hujiunga pamoja. Uliza NEMA, mamlaka ya mazingira, kabla hujaagiza chupa elfu tano. Na Katiba yenyewe, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa isiyomdhuru, iwe imetoka kiwandani au barazani kwako.

Kwa pesa: kupima ndiyo nafuu ya kuanzia, faida ndogo kwa lita, wateja warudiao. Chupa hula pesa mbele, chupa na lebo zinaweza kukugharimu kuliko sabuni iliyomo. Kipande kinalaza mtaji wiki sita rafuni, na bei ya nazi haitabiriki. Jambo moja la pembeni: ukitia mwarobaini usiandike "inatibu." Ukishaandika hivyo umetoka kwenye sabuni, umeingia kwenye dawa, na huko kuna wenyewe.

Kwa hali yako

Una mtaji mdogo, duka liko mtaani, wateja unawajua kwa majina: pima. Lakini uwe na ubavu wa kumwambia Mama Fulani kwamba chupa ya soda huijazi, na uwe na maji ya kuosha mtungi kila unapoisha. Kama huna hayo mawili, njia hii si yako.

Unataka kuingia supamaketi, hoteli za Nyali au kupeleka bara: chupa, namba 2, mfuniko wa kawaida, tarehe na namba ya mkupuo. Hoteli waulize kama watakubali mitungi inayorudi. Wao wana bohari na wana mtu wa kusaini, na hapo unapata uzuri wa mtungi bila hatari ya chupa ya soda.

Nyumba yako ina watoto wadogo na unakorogea jikoni kwa sababu huna pengine: usianze na kipande. Kostiki inataka chumba chenye kufuli. Anza na sabuni ya maji, ufacid iwe juu ya kabati, kidogo kidogo.

Una kibanda cha peke yake, unapata nazi ya bei nzuri kutoka Kwale au Kilifi, na unauzia watalii au wenye ngozi zinazowashwa na manukato: kipande, cha nazi, bila rangi.

Unauzia shule au zahanati: chupa iliyofungwa, au mtungi uliofungwa kwa lakiri unaofunguliwa huko huko. Kuongezea juu kwa juu hapana, hata wakikuomba.

Na kama umeshaanza njia moja na imekushinda, kubadilisha si aibu. Mimi sasa napima siku za wiki na kukata vipande Jumamosi, glavu mkononi. Sufuria ya pilau ilisharudi kwa mwenyewe, mpya, kwa pesa zangu.